Skrubu Iyeyukayo Ndani ya Mfupa: Kuondoka kwa Wakati Ndiyo Kazi Yake



Kila sifa njema anastahiki Allah Mtukufu, na rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba wake wote.

Wapenzi wasomaji, hapa kwetu Mbebe, wilayani Ileje, lipo swali ambalo wazazi wamekuwa wakituuliza baada ya swala. Je, ni kweli kwamba siku hizi zimepatikana skrubu za kuungia mfupa ambazo huyeyuka zenyewe mwilini? Na kama ni kweli, kwa nini mtoto awekewe chuma kitakachohitaji kufunguliwa tena baadaye? Swali hili ni zuri, na jibu lake fupi ni kwamba zipo. Lakini jibu fupi lina hatari ndani yake. Mzazi aliyesikia nusu ya habari anaweza kukataa chuma ambacho mwanawe anakihitaji leo, akingojea kifaa ambacho hospitali haina, na ambacho hata kingekuwapo kisingefaa kwa mfupa ule. Na mfupa hauna desturi ya kungoja. Usiponyooshwa mapema huanza kuunga hivyo hivyo ulivyopinda, hasa kwa mtoto, na kuunyoosha baadaye huwa kazi kubwa kuliko ya mwanzo.

Kwa hiyo wiki hii tumeona tulieleze jambo hili kwa ukamilifu wake: vifaa hivi ni nini, huyeyukaje, huenda wapi, na familia ifanye nini.

Jambo la kwanza la kufahamu ni kwamba mfupa si nguzo kavu. Mfupa ni kiungo hai, chenye damu na mishipa ya fahamu. Umejengwa kwa nyuzi za protini iitwayo kolajeni, ambazo huupa unyumbufu, na kwa chumvi za kalsiamu na fosfeti, ambazo huupa ugumu. Ndani yake zimo seli zenye kazi mbili zinazokabiliana. Kundi moja humeng'enya mfupa uliochakaa, na kundi la pili hujenga mfupa mpya mahali pale pale. Kwa mtu mzima, takriban sehemu moja ya kumi ya mifupa yake hufanywa upya kila mwaka. Qur'an Tukufu, katika Suratul Baqara aya ya 259, inatukumbusha kisa cha mtu aliyefishwa miaka mia kisha akafufuliwa, akaamrishwa aitazame mifupa jinsi inavyoinuliwa na kuvikwa nyama. Muumini anayetafakari aya hiyo hatashangaa kusikia kwamba mfupa hubomolewa na kujengwa kila siku ya uhai wetu.

Mfupa unapovunjika, damu hukusanyika mahali palipovunjika na kuganda. Katika wiki chache zinazofuata, mahali hapo hujaa tishu laini yenye gegedu ndani yake, ambayo huzishika ncha mbili lakini bado haiwezi kubeba uzito. Kisha gegedu hiyo hugeuzwa kuwa mfupa mchanga, na kwa mtu mzima kazi hiyo huchukua wiki nyingi. Mwishowe huja kipindi kirefu cha kuusawazisha mfupa urudi katika umbo lake, nacho huchukua miezi hata miaka. Kwa watoto mambo haya yote hwenda haraka zaidi.

Sasa kazi ya plasta ngumu, ile ambayo wengi huiita piopii, au ya bamba la chuma, skrubu na msumari wa ndani, ni moja tu: kuzishika ncha za mfupa zitulie mahali pake mpaka mwili umalize ujenzi wake. Daktari hauungi mfupa. Mfupa hujiunga wenyewe kwa idhini ya Muumba wake, na daktari hulinda utulivu wa mahali hapo.

Tuliojenga msikiti tunaujua mfano wake. Mafundi wanapomwaga zege la juu, huliwekea mirunda chini yake. Mirunda hiyo si sehemu ya jengo. Ikiondolewa siku ya tatu, zege huanguka. Ikiachwa milele, hakuna atakayeweza kutumia chumba. Fundi mzuri ni yule anayejua siku ya kuitoa. Vifaa vya kuungia mfupa viko hivyo hivyo, na tofauti kati ya chuma na kifaa kinachoyeyuka ipo katika swali moja: ni nani atakayetoa mirunda, na lini?

Chuma cha pua na titaniamu ndivyo vifaa vilivyozoeleka. Sifa yake ni nguvu isiyopungua. Kwa watu wazima wengi chuma huachwa ndani maisha yote bila kuleta shida. Lakini kina upungufu wake. Chuma cha pua ni kigumu mara kumi hivi kuliko mfupa, na bamba gumu linapobeba mzigo wote, mfupa ulio chini yake hukosa kazi na huanza kupungua uimara, kwa sababu mwili huuimarisha mfupa unaotumika. Wakati mwingine skrubu hulegea, au husumbua chini ya ngozi, au huingiwa na vijidudu. Kwa mtoto lipo jambo la ziada, kwamba mfupa wake unakua, na chuma kinaweza kuzikwa ndani yake au kuzuia ukuaji. Ndiyo maana mara nyingi watoto hurudishwa chumba cha upasuaji ili vyuma vitolewe.

Kwamba kila kitu huwa na tabia yake kinapokutana na mwili si elimu ngeni kwetu. Imepokewa na Abu Daud, Tirmidhi na Nasai kwamba Arfaja bin As'ad (R.A.) alikatwa pua katika vita vya Kulab, zama za jahiliya. Akajitengenezea pua ya fedha, ikaharibika na kumletea harufu mbaya. Mtume (S.A.W.) akamwamuru atumie ya dhahabu. Wanachuoni wameitumia hadithi hii kuwa dalili ya kuruhusika dhahabu kwa mwanamume inapokuwa ni haja ya tiba. Sisi tunaona ndani yake funzo jingine pia: fedha huliwa na majimaji ya mwili, na dhahabu haiguswi nayo kwa urahisi. Mgonjwa alibadilishiwa kifaa kwa sababu kile cha kwanza hakikupatana na mwili wake, wala hakuambiwa avumilie tu.

Mabingwa wa upasuaji wa zama zetu waliligeuza swali hilo. Badala ya kutafuta kitu kisicholiwa na mwili kabisa, walitafuta kitu kitakacholiwa polepole, kwa kipimo, bila kudhuru. Akina mama waliojifungua kwa upasuaji wanakifahamu kitu cha namna hiyo bila kujua. Nyuzi zinazoshonwa tabaka za ndani hazitolewi, kwani hupotea zenyewe. Zamani nyuzi hizo zilitengenezwa kwa utumbo wa kondoo au ng'ombe, na vimeng'enya vya mwili vilizila. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 zilianza kuuzwa nyuzi za kiwandani, zilizotengenezwa kwa poliglikolidi. Kutoka katika familia hiyo ndipo zilipotokea pini na skrubu za mfupa, zikiwemo za polilaktidi, ambayo msingi wake ni asidi ya laktiki.

Asidi ya laktiki si kitu kigeni. Ndiyo inayoyatia maziwa mgando ukali wake, na ndiyo misuli yetu huitoa tunapokimbia au kupanda mlima. Viwandani hutengenezwa mara nyingi kwa kuchachusha sukari ya mahindi au ya miwa. Mkulima wa Ileje anayeanika mahindi yake huenda asifikirie kamwe kwamba nafaka kama hiyo inaweza kuwa chanzo cha skrubu ya kushika mfupa.

Skrubu hiyo huyeyukaje? Neno "kuyeyuka" lisitudanganye tukadhani huyeyuka kama sukari katika chai. Tuchukue mfano wa tasbihi ndefu yenye maelfu ya punje. Kila punje ni molekuli ndogo ya asidi, na uzi unaoziunga ni kifungo cha kikemikali. Skrubu moja ni tasbihi nyingi mno zilizosukwa na kubanana. Maji ya mwili hupenya ndani yake taratibu na kuukata uzi, hapa na pale, bila mpangilio. Siku za mwanzo huoni badiliko lolote, kwani umbo na ukubwa ni ule ule. Lakini tasbihi ndefu zimekwisha kuwa fupi, na kwa hiyo nguvu ya skrubu inapungua. Vikija vipande vidogo vya kutosha, hutoka na kuingia katika majimaji ya mwili. Seli za ulinzi huja kumeza mabaki. Asidi ya laktiki huchomwa na mwili kama nishati, na mwisho wake huwa maji, pamoja na hewa ya kabonidayoksaidi ambayo mgonjwa huitoa kwa pumzi. Sehemu ya asidi inayotoka katika poliglikolidi hutoka pia kwa mkojo.

Hapa ndipo palipo kiini cha mada yetu, nasi tunamwomba msomaji apashike vizuri. Skrubu ya namna hii hupoteza nguvu zake muda mrefu kabla ya kutoweka. Poliglikolidi huishiwa nguvu katika wiki chache tu, ilhali mwili huchukua miezi mingi kuimaliza. Polilaktidi ngumu hushika kwa miezi, lakini kutoweka kwake huchukua zaidi ya miaka miwili, na mabaki yake yamewahi kuonekana hata baada ya miaka mitano. Watengenezaji huchanganya mbili hizi ili kupata muda wa katikati. Kwa hiyo, mtu akisema "skrubu bado imo," hajasema kwamba bado inashika. Na akisema "imekwisha kuyeyuka," hajasema kwamba mfupa umeunga. Hizo ni saa mbili tofauti, saa ya kifaa na saa ya mfupa, na usalama wa mgonjwa umo katika kupatana kwake.

Saa hizo zimewahi kupishana, na ni vyema tujue ili tusidanganywe na sifa tupu. Katika miaka ya kwanza ya karne ya 20, daktari wa Ubelgiji aitwaye Albin Lambotte alimwekea mgonjwa aliyevunjika mguu bamba la magnesiamu, akalifunga kwa misumari ya chuma. Magnesiamu ni madini laini ambayo maji yenye chumvi huyala upesi, na kukutana kwake na chuma kingine ndani ya majimaji ya mwili kuliharakisha kuliwa huko. Kwa muda wa siku nane bamba lilikuwa limesambaratika na gesi nyingi imejaa chini ya ngozi. Gesi hiyo ni haidrojeni, ambayo hutoka kila magnesiamu inapoliwa na maji. Wazo lilikuwa jema, ila mirunda iliondoka kabla zege halijakauka.

Mwaka 1984 huko Helsinki, Finland, daktari Pentti Rokkanen na wenzake walianza kuunga mifupa ya kifundo cha mguu kwa pini zinazoyeyuka, na mwaka 1985 wakatangaza matokeo ya awali katika jarida la The Lancet. Mifupa iliunga, na wagonjwa hawakuhitaji upasuaji wa kutoa vyuma. Lakini baadhi yao, wiki 11 hivi baada ya upasuaji, wakati ambapo walikwisha kujiona wamepona, walivimba mahali pa kidonda, na wengine wakatokwa na majimaji. Madaktari walipoyapima hawakukuta vijidudu. Kilichotokea ni kwamba kifaa kilikuwa kinavunjika upesi kuliko mwili ulivyoweza kuyaondoa mabaki yake. Ripoti ya madaktari wa Finland iliyotolewa mwaka 2000 ilihesabu wagonjwa 2,528, na 108 kati yao walipata mkereketo wa namna hiyo. Karibu wote walikuwa wamewekewa poliglikolidi, ile iyeyukayo haraka. Waliowekewa polilaktidi, iyeyukayo polepole, ni mmoja tu aliyepata shida hiyo.

Skrubu nene ina jambo jingine la ajabu. Asidi inayozalishwa katikati yake haipati njia ya kutoka upesi, hujikusanya humo, na asidi hiyo huchochea ukataji uende kasi zaidi. Hivyo skrubu inaweza kuoza kiini hali ganda lake lingali zima, kama mti ulioliwa na mchwa ndani.

Wataalamu hawakukata tamaa. Magnesiamu ilirudi, safari hii ikiwa imechanganywa na madini mengine ili iliwe polepole. Mwaka 2013 skrubu ya magnesiamu iitwayo MAGNEZIX, ya kampuni ya Syntellix ya Hannover, Ujerumani, ilipata kibali cha kuuzwa Ulaya. Magnesiamu yenyewe si sumu kwa kipimo chake. Mwili wa mtu mzima una gramu 25 hivi, zaidi ya nusu ikiwa katika mifupa, na inayozidi huondolewa na figo. Lakini gesi bado hutoka, ijapokuwa kidogo kidogo, na picha ya eksirei inaweza kuonesha kivuli cheusi kuizunguka skrubu. Ndiyo maana mgonjwa anapaswa kubaki na cheti kinachotaja alichowekewa, ili daktari mwingine atakayeiona picha asifasiri kivuli hicho vibaya.

Na skrubu ikishatoweka, nini hubaki mahali pake? Aghalabu tunasikia kwamba "panajaa mfupa". Hutokea, lakini si kila mara. Wakati mwingine tundu hujaa tishu ya nyuzinyuzi au mafuta, na huchukua miaka kabla mfupa haujaingia. Kwa mfupa mdogo usiobeba uzito mkubwa jambo hili kwa kawaida halina madhara.

Tukusanye sasa tuliyoyaeleza. Kifaa kinachoyeyuka hufaa pale ambapo mzigo ni mdogo na mfupa huunga upesi. Hutumika katika mifupa midogo ya mkono na wayo, baadhi ya mivunjiko ya kifundo cha mguu, mifupa ya uso na fuvu la watoto, na kushikiza kano za goti. Mfupa wa paja au wa muundi uliokatika katika ajali ya bodaboda ni jambo jingine. Hapo panahitajika nguvu ya miezi mingi isiyopungua, na mpaka leo nguvu hiyo ni ya chuma. Kwa hiyo daktari anayesema "tunaweka chuma" hajakunyima kilicho bora. Mara nyingi amekupa kile hasa kinachostahili.

Wala tusidharau chuma kilichopo nchini. Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, iliyoundwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1996, imetibu wagonjwa wengi wa mivunjiko ya paja na muundi kwa misumari ya ndani ya chuma cha pua ya shirika la SIGN. Shirika hilo lilianzishwa mwaka 1999 na daktari Lewis Zirkle huko Richland, jimbo la Washington, Marekani, kwa ajili ya hospitali za nchi zenye kipato kidogo. Msumari wake umebuniwa ili daktari aweze kuufunga kwa skrubu pasipo mashine ya eksirei ya kuonesha picha wakati wa upasuaji. Kifaa kilichobuniwa kwa kuzingatia hali yetu kinaweza kumfaa mgonjwa wetu kuliko kile cha bei kubwa kilichobuniwa kwa hali ya wengine.

Limebaki upande wa sheria. Ndugu wengi huuliza asili ya vifaa hivi. Polilaktidi na poliglikolidi ni za kiwandani, na magnesiamu ni madini, basi hakuna najisi katika asili yake. Vifaa vinavyotokana na wanyama, kama baadhi ya vile vya kolajeni, vinaweza kutoka kwa ng'ombe au kwa nguruwe, na hapo ni haki ya mgonjwa kuuliza kabla ya upasuaji. Wanachuoni wetu hawakuliacha jambo hili. Imam an-Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria, ameeleza katika kitabu chake cha Minhaj kwamba aliyeunga mfupa wake kwa kitu najisi kwa kukosa kilicho tohara ana udhuru. Maana yake ni kwamba tunatafuta tohara kwanza, na dharura ina mlango wake. Ama wudhu, kilichozama ndani ya nyama hakina hukumu ya kupakwa maji. Ngozi ikishapona, huoshwa kama kawaida. Plasta ya nje ndiyo yenye hukumu za jabira, na mwenye plasta amwendee shekhe wake amfundishe.

Sasa tunasema na wazazi. Mtoto anapopangiwa upasuaji wa mfupa, muulizeni daktari kwa adabu mambo manne. Amewekewa kifaa gani, na kimeandikwa wapi? Je, kitatolewa, kitaachwa, au kitayeyuka, na kwa muda gani? Lini aruhusiwe kukanyaga au kubeba uzito? Na ni dalili zipi zituharakishe kurudi? Majibu hayo yaandikwe na kuhifadhiwa pamoja na picha za eksirei, kwani kumbukumbu ya mtu mwenye hofu haidumu.

Pili, maumivu yakipoa msidhani mfupa umepona. Maumivu huondoka mapema, na mfupa ukachelewa. Mtoto aliyewekewa kifaa kinachoyeyuka akiruhusiwa kucheza mpira kabla ya wakati, anaweza kuvunjika wakati ule ule ambapo skrubu imeishiwa nguvu na mfupa haujazipata. Mpeni maziwa, dagaa, maharage na mboga za majani. Na baba anayevuta sigara akiwa yeye ndiye mgonjwa, ajue kwamba sigara huchelewesha mfupa kuunga.

Tatu, uvimbe ukitokea miezi miwili au mitatu baada ya upasuaji, msikimbilie kusema ni jicho la watu au mkono wa jirani. Tumeona kwamba jambo hilo lina sababu inayojulikana na tiba inayojulikana. Huenda ni mkereketo wa kuyeyuka kwa kifaa, huenda ni vijidudu, na anayeweza kutofautisha ni daktari. Dua ni silaha ya muumini, nayo husomwa njiani kuelekea hospitali. Vivyo hivyo kwa wanaofunga mifupa kwa vijiti. Vidole vikivimba, vikibadilika rangi au vikifa ganzi baada ya kufungwa, kamba ilegezwe saa hiyo hiyo na mgonjwa apelekwe, maana kiungo kilichokosa damu hupotea kwa saa chache.

La mwisho linatuhusu sisi wa kamati za misikiti na jamaa zetu. Ajali inapotokea, watu wetu husimama. Mchango hupita safu kwa safu, nauli ya kwenda Mbeya hupatikana, na gharama za upasuaji hutafutwa. Mgonjwa akirudi nyumbani tunamshukuru Allah na daftari hufungwa. Safari ya kurudi kliniki baada ya wiki sita haina mchango, wala ya miezi mitatu, wala ya kwenda kutoa vyuma. Mkulima asiyevuna bado hana nauli ya kuteremka na kupanda milima hii na mtoto mwenye magongo, basi hubaki nyumbani na kutumaini kheri. Kwa kifaa cha chuma hilo ni hatari. Kwa kifaa kinachoyeyuka ni hatari zaidi, kwa sababu uchunguzi wa kurudi ndio unaoonesha kama saa ya mfupa na saa ya kifaa zinakwenda pamoja.

Tunapendekeza basi kwamba kila mchango wa mgonjwa wa mfupa ugawanywe tangu siku ya kwanza. Fungu moja la upasuaji, na fungu la pili liwekwe kwa mweka hazina, lisiguswe, likingojea tarehe za kliniki zilizoandikwa kwenye kadi ya mgonjwa. Katibu azinakili tarehe hizo katika daftari la msikiti, na mgonjwa akumbushwe Ijumaa iliyotangulia. Kazi hii haihitaji mfadhili wala semina. Inahitaji kalamu na uaminifu.

Tunamwomba Allah awaponye wagonjwa wetu wote, aiunge mifupa iliyovunjika na nyoyo zilizovunjika, na atujaalie tuwe miongoni mwa wanaokamilisha wema walioanza. Amin.

Wallahu a'lam.